Boti ya remote niliyounda na baba mkwe wangu Kolwezi, na jina alilotaka liandikwe ubavuni

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi. Huku ni kiangazi, vumbi limeingia mpaka kwenye chai.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani. Nasoma nyuzi zenu, nacheka, naondoka. Leo naomba nafasi niseme langu. Majina nimeyabadilisha, lakini mambo yenyewe nayaweka kama yalivyokuwa. Mke wangu amekaa hapa pembeni, nikidanganya atanikatiza.

Wa Tanzania na Kenya mnivumilie. Naandika Kiswahili cha kwenu kadiri ninavyoweza, ila watu wakiongea nitawaacha waongee cha huku kwetu: "njo" ni ndiyo, "shiye" ni sisi, "bongo" ni uongo.

Mimi ni fundi wa simu na redio. Nina kibanda kwenye commune, yaani wilaya, ya Manika, karibu na soko. Familia yetu asili yake ni Kasai: babu aliletwa huku kufanya kazi ya mine, yaani mgodi, baba akazaliwa hapa, mimi nikazaliwa hapa. Mke wangu, Béa, kwao ni Kalemie, kule kaskazini kwenye ziwa Tanganyika. Tuna miaka kumi na moja ya ndoa na watoto watatu.

Katika miaka hiyo yote baba yake hakuwahi kukanyaga nyumba yetu.

Tumwite tata Kilufya; tata kwetu ni baba. Alikuwa grutier, mwendesha grue, yaani kreni, maisha yake yote. Ujana wake aliumalizia bandari ya Kalemie, kwenye boti ya kuopoa meli na majahazi yaliyozama. Baadaye akaja Kolwezi, akaendesha kreni za mine mpaka pensheni.

Siku wajomba zangu walipokwenda kumposa Béa, tata alimtuma mdogo wake apokee wageni. Yeye alikaa nyuma ya nyumba, anachonga mpini wa jembe. Siku ya harusi alikuja kanisani, akakaa benchi la mwisho, misa ilipoisha akaondoka.

Tukikutana njiani alikuwa ananisalimia: "Jambo, monsieur."

Monsieur, yaani bwana, kama mgeni, wakuu! Mume wa binti yake!

Mimi nilishajijibu kwamba huyu mzee anachukia watu wa Kasai. Hapa mnahitaji kujua kitu kimoja. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na miaka mibaya huku Katanga. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kwenye nyumba zao, wakakaa vituo vya treni wakisubiri kupelekwa Kasai, mahali ambapo wengi hawakuwahi hata kupaona. Sisi tulikuwemo. Nakumbuka kulala juu ya magunia kwenye gare, stesheni ya Kolwezi, na mama akichemsha maji ya kunywa kwenye kopo la maziwa. Mimi nilirudi huku nikiwa mkubwa, kutafuta kazi. Wazazi walibaki Mwene-Ditu, kule Kasai, mpaka leo.

Kwa hiyo nilipomwona mzee wa Katanga ananiita monsieur, sikuhitaji maelezo zaidi.

Basi. Mwaka jana mama mkwe alifariki. Miezi michache baadaye, siku ya kawaida tu, niko kibandani nabadilisha kioo cha simu, taxi-moto, bodaboda ya huku, ikasimama. Tata Kilufya akashuka. Amebeba kitu kirefu kimefungwa kwenye kikwembe, amekikumbatia kama mtoto.

Kulikuwa na wateja watatu. Alipanga foleni nyuma yao. Nilimwambia, "Tata, mupite," akatikisa kichwa. Akasubiri zamu yake.

Zamu ilipofika akaweka mzigo mezani, akafungua fundo.

Ilikuwa boti. Zaidi ya mita moja, ya mbao, tumbo pana, pua butu. Amechonga mwenyewe kwa mkono, vipande vyembamba vimeunganishwa kimoja kimoja, huwezi kuona kiungo. Nimeona kazi nyingi za mikono, hii ilikuwa ya mtu anayejua anachokumbuka.

"Monsieur," akasema, "batu banasema we njo unajua bitu bya remote."

"Najua kidogo, tata."

"Hii bateau nataka itembee. Na nataka grue yake ifanye kazi. Ya kweli. Ipande, ishuke, izunguke, inyanyue kitu mu mayi."

Kisha akainua mikono yake miwili akanionyesha. Ilikuwa inatetemeka. Siyo kidogo.

"Kuchonga nilimaliza mbele hii ugonjwa haiyakuwa mingi. Sasa hata kukamata vis ya kukaza mbao siwezi."

Nikaivuta boti upande wangu wa meza. Nikasema sawa.

Jioni nilimweleza Béa. Aliacha kukoroga bukari, ugali wetu, akanitazama. "Papa? Papa yangu mi? Alikuya kwako?" Nikasema ndiyo. Akageuka akaendelea kukoroga, lakini nilimwona anafuta macho kwa kiwiko.

Sasa wakuu, wale wapenzi wa kuunda vitu, sehemu hii ni yenu. Wengine mnaweza kuruka, ingawa nawashauri msiruke.

Tatizo la kwanza lilikuwa nguvu ya kusukuma. Nilianza na motor mbili za gari la mchezo, zikashindwa hata kuigeuza boti. Nikapata bisibisi mbili za umeme zilizokufa battery, nikachomoa motor zake. Pangaboi nikakata kwenye kipande cha shaba. Kolwezi huwezi kukosa kipande cha shaba. Fimbo ya kuzungusha pangaboi nikaipitisha ndani ya kibomba chembamba kilichojaa grisi, maji yasiingie. Remote na receiver nilivitoa kwenye drone ya mpiga video wa harusi aliyeigonga kwenye nguzo ya umeme. Battery ni seli za laptop.

Kreni ndiyo ilinitoa jasho. Mkono wake niliunda kwa spoke za baiskeli, nikazilehemu moja moja mpaka zikafanana na mkono wa kreni ya kweli. Kuinua na kushusha mkono, servo, kimotor kinachogeuka kwa kipimo. Kuzunguka, motor na meno ya plastiki ya DVD player. Kukunja kamba, motor ya printer.

Tata alikuwa anakuja kila mchana, saa nane. Anaketi kwenye kigoda, mikono ameibana katikati ya magoti isitetemeke, ananiangalia. Haongei. Nikikosea anakohoa.

Kweli wakuu, anakohoa. Nikajifunza: kikohozi kimoja, angalia tena. Viwili, bomoa.

Béa alikuwa anatuma chakula kwenye sahani iliyofunikwa, bukari na sombe, yaani kisamvu, au samaki. Mimi nakula, tata anasema ameshiba. Wiki tatu hivyo hivyo.

Siku ya test ya kwanza tulikata kwa urefu pipa la bluu la lita elfu, tukajaza maji nyuma ya kibanda. Boti ikaelea vizuri. Ikaenda mbele, ikarudi. Nikazamisha tofali dogo lililofungwa kitanzi cha waya, nikashusha ndoano, nikavuta. Tofali likapanda. Nikazungusha kreni kuelekea kushoto ili niliweke nje ya pipa.

Boti yote ikalala ubavu, ikapinduka, ikazama na battery zangu.

Nikageuka kumtazama tata. Mzee alikuwa anacheka. Kwa miaka kumi na moja sikuwa nimewahi kuona meno yake. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Eh, hata shiye tulifanya hivyo!" akasema. "Kalemie, mi na chef yangu, bateau ya kweli! Batu yote bakaanguka mu mayi!"

Halafu akavuta kigoda karibu, na kwa mara ya kwanza akaongea mfululizo. Akanieleza kwamba nimeweka battery juu, na uzito unatakiwa ukae chini kabisa tumboni. Kwamba mkono wa kreni ukienda kushoto, lazima kitu kingine kizito kiende kulia wakati huohuo, kisichelewe. Kwamba tumbo la boti liongezwe upana pembeni kwa kitu chepesi.

"Batu banafikiri grue njo inabeba muzigo," akasema. "Bongo. Mayi njo inabeba. Ukilemea mayi upande moya, inakuangusha."

Nikabomoa, nikaanza upya. Nuti za chuma nikazifunga nyuma ya kreni, pale pale inapozungukia, zikawa zinahama upande wa pili kila mkono unapogeuka. Pembeni nikagandisha polystyrene ya kwenye boksi la TV, nikaipaka resin isiyopitisha maji. Wiki mbili baadaye tofali likatoka kwenye pipa, likazunguka, likatua chini polepole kama yai.

Siku hiyo tata alifunua sahani ya Béa akala. Mimi nilijifanya natafuta bisibisi.

Sasa ikaja rangi. Tuliipaka nyeusi chini, nyekundu juu. Nikauliza jina, maana boti haikosi jina. Nilidhani atasema jina la marehemu mama mkwe.

Akaomba penseli. Akaandika mwenyewe kwenye karatasi, herufi zinaruka ruka kwa ule mtetemo, ikachukua muda. Akanipa nichore kwa brashi.

Ilikuwa imeandikwa NTUMBA.

Ntumba ni jina la Kasai. La kwetu kabisa.

Nikamuuliza, "Tata, huyu ni nani?"

Aliirudisha penseli mezani. Kisha akasema Ntumba ndiye aliyempokea alipofika Kolwezi akitoka Kalemie. Ndiye aliyemfundisha kreni kubwa za mine, kwa sababu za bandarini zilikuwa ndogo. Walikaa avenue moja, yaani mtaa mmoja, mlango kwa mlango. Watoto walikula sahani moja.

"Ile miaka ya mubaya," akasema, "batu balipita mu avenue yetu na mafimbo. Asubuhi moja Ntumba alikuya kunipigia hodi. Bibi yake alikuwa na mimba, siku zake zilikuwa zimefika. Alikuwa anaomba tu bibi aingie kwetu, akae mpaka treni ifike. Alisema: Kilufya, ni mi. Fungua."

Akaitazama boti.

"Nilikuwa mu nyumba. Sikufungua. Nilisimama nyuma ya mulango, naye alisimama mbele. Nilisikia vile anapumua. Halafu akaenda."

Mimi brashi iko mkononi, rangi inadondoka mezani.

"We ulipokuya kuomba Béa," akaendelea, "niliona Ntumba pa mulango. Kila mara nikikuona, naona yee. Batu banasema nakukatala ju ya kabila. Apana. Ni haya ya ule mulango."

Wakuu, mngefanya nini?

Ningependa kuwaambia nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Hasira ilinipanda kutoka miguuni. Mimi nilikuwa mtoto kwenye ile gare! Mama yangu aligonga milango mingapi? Nani alisimama nyuma ya mlango ananyamaza? Na mimi miaka kumi na moja nimekula ule ubaridi nikidhani kosa ni damu yangu.

Nikaweka brashi chini. Nikamwambia, "Tata, leo nimechoka. Mwende tu."

Akaenda. Kesho yake saa nane hakuja. Keshokutwa hakuja. Boti nikaifunika kikwembe chake nikaisukuma chini ya meza.

Nilimwambia Béa yote. Hakulia na hakumtetea. Alisema, "Hata mi sikujua." Baada ya muda akaongeza, "Lakini hakuna mutu alimukamata akamulazimisha kukuambia. Angekufa nayo." Akaenda kulaza watoto.

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Hasira haikuondoka, ila nilianza kuiona ina pande mbili.

Siku ya tano, asubuhi, mama Odette akaja kibandani anahema. Huyu mama anaimba kwaya na Béa, na ni kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaolima mboga, hasa lenga-lenga, yaani mchicha, nje ya mji, upande wa njia ya Kingamyambo. Wanamwagilia kwa maji ya shimo la zamani la kuchimba mchanga. Maji yake ni masafi, unaona chini, lakini kingo zake ni mchanga mtupu, zinabomoka.

Ukingo walioweka motopompe, ile pampu ya mafuta, ulikuwa umeporomoka. Pampu imezama.

"Tunaiona pale chini, imelala," akasema. "Bijana banataka kuruka mu mayi. Mi nimekatala. Ule muchanga ukianguka, unafunika mutu. Na lenga-lenga yetu, kwa hili jua, ni siku tatu tu. Béa aliniambia muko na bateau ya kuopoa."

Nikamwambia, mama, hii ni mchezo. Inabeba kilo moja na nusu ikijitahidi. Pampu yenu ni mzigo wa watu wawili.

Akanitazama tu. Wanawake kumi na wanne wanategemea mboga ile.

Nikafunga kibanda. Nikachukua taxi-moto mpaka kwa tata Kilufya. Nilimkuta uani ameketi, mikono katikati ya magoti. Sikumsalimia vizuri, nakiri. Nilimweleza shida ya mama Odette moja kwa moja. Nikamwambia boti haitaweza.

Akafikiri. Kisha akauliza, "Iko na chuma ya kuzunguka, ile motopompe? Kama kitanda?"

Nikasema ndiyo, iko ndani ya fremu ya bomba.

"Basi haiwezi kunyanyua. Lakini inaweza kupeleka crochet," yaani ndoano. Akasimama. "Meli kubwa hatukuinyanyua na grue peke yake hata siku moya. Tulikuwa tunatafuta tu pa kukamatia. Kisha batu banavuta."

Tuliipitia boti kibandani, na saa nne asubuhi tulikuwa pale shimoni. Akina mama wote wamesimama mbali na ukingo. Pampu ilikuwa chini, kina kama cha watu wawili, hatua ishirini hivi kutoka upande ulio salama. Tatizo ni kwamba kutoka upande huo jua linapiga juu ya maji, huoni chini. Unaona vizuri ukisimama ng'ambo ya pili, ambako ni mbali, na kelele za upepo haziachi sauti ifike.

Tata akasema yeye ataenda ng'ambo. Mimi nibaki na remote.

"Nitakupa signaux na mikono. Kama mu kazi. Usiangalie bateau. Angalia mi."

Akanifundisha pale pale. Kiganja chini, shusha. Kidole juu kinazunguka, kunja kamba. Ngumi, simama. Mkono kando, zungusha kreni upande huo.

Nikamwangalia mikono. Yeye akajua ninachofikiri.

"Itatetemeka. We angalia kiganja, usiangalie mutetemo."

Tulifunga ndoano nzito kwenye kamba nene ya katani, kamba ikashikwa na akina mama huku nyuma. Boti kazi yake ni kuibeba ndoano mpaka juu ya pampu na kuishusha.

Jaribio la kwanza: boti imefika katikati, kamba ikalowa, ikawa nzito, ikaanza kuivuta boti nyuma na kuilaza. Maji yakaingia juu ya sitaha. Ng'ambo tata akapiga ngumi hewani. Simama! Nikasimamisha. Tukairudisha polepole, imejaa maji nusu, motor moja inakohoa.

Nikaimwaga maji, nikafuta waya kwa kikwembe cha mama Odette. Tata alizunguka shimo lote kwa miguu kuja kutuambia jambo moja: tufunge chupa tupu za plastiki kwenye kamba, kila hatua moja, zielee zibebe uzito wake. Kisha akazunguka tena kurudi. Mzee wa umri ule, juani.

Akina mama wakakusanya chupa. Huku chupa hazikosekani.

Jaribio la pili kamba ikaelea kama tasbihi juu ya maji. Boti ikafika. Nikaacha kuiangalia. Nikamwangalia tata.

Wakuu, sijui nieleze vipi. Pale ng'ambo kuna mzee mwembamba amevaa kofia, mikono inatetemeka kama majani, na ndani ya ule mtetemo kuna maneno. Kiganja chini. Nikashusha. Chini. Chini. Ngumi. Mkono kulia, kidogo. Ngumi. Chini. Kunja. Ndoano ikateleza. Tena. Ikateleza tena. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa anaomba rozari kwa sauti ndogo.

Mara ya tatu aliinua kidole, akazungusha mara moja tu, kisha akainua mikono yote miwili juu na kuiacha huko.

Imekamata.

Nikafungua kamba ya boti ili kreni isivunjike, mama Odette akapaza sauti, "Vuta!" Wanawake kumi na wanne wakavuta wakirudi nyuma hatua kwa hatua, na pampu ikaburuzika chini ya maji, ikapanda mteremko, ikatoka inamwaga mchanga. Vigelegele vilifika barabarani.

Boti ilibaki katikati ya maji, mkono wa kreni umepinda, motor moja imekufa. Niliirudisha kwa motor iliyobaki, inakuja kwa mzunguko kama bata mgonjwa.

Pampu ilifunguliwa, ikakaushwa, ikabadilishwa oil. Iliwaka siku ya tatu. Matuta ya upande mmoja yalikuwa yameshakauka, hilo siwafichi. Mengine yalipona.

Tulipokuwa tunasubiri taxi-moto za kurudi, tata aliniuliza, "Baba yako angali muzima?"

Nikasema yuko, Mwene-Ditu.

"Nipe nisemezane naye."

Hakutaka kuongea naye njiani. Alisema Jumapili, baada ya misa, na kwamba atakuja nyumbani. Béa alifagia uwanja mara mbili. Tata aliingia, akaketi, akakataa hata maji mpaka nipige simu kwanza.

Akajitambulisha kwa baba: jina, avenue, kazi. Kisha akasema yote, kama alivyoniambia mimi, hakujipunguzia. Niliweka loudspeaker. Upande wa pili nasikia jogoo wa Mwene-Ditu anawika.

Baba yangu akasema, "Tata Kilufya, aksanti umesema. Lakini mi si Ntumba. Siwezi kukusamehe mu jina ya mwingine. Naweza tu kumutafuta. Shiye benye tulishuka mu ile treni, tunajuana."

Tata akasema, "Eyo," yaani ndiyo. Tukala. Alikula kidogo.

Baba alitafuta zaidi ya mwezi. Ntumba mwenyewe alishafariki. Ila mke wake yupo, amezeeka, hapo hapo Mwene-Ditu. Mtoto alizaliwa njiani, gare ya Kamina, ni msichana. Sasa ni muuguzi, ana watoto wake.

Yule bibi hakutaka kuongea kwa simu. Alimpa binti yake ujumbe, binti akanitumia voice note kwa Kiswahili cha Kolwezi kabisa, alichofundishwa na mama yake. Niliipeleka kwa tata tukaisikiliza pamoja uani.

"Mama anasema hivi. Anasema alijua uko mu nyumba. Biatu yako ya kazi ilikuwa pa mulango. Anasema alimuambia papa: tuende, tusimupatishe haya. Anasema kama ungali na nguvu, uye umuone. Atakufungulia."

Tata aliomba niirudie. Nikairudia mara nne.

Tumerudi kutoka Mwene-Ditu wiki iliyopita, na boti sasa ina jina NTUMBA ubavuni. Ya kule ndani siyaandiki hapa, ni yao. Nasema tu kwamba bibi alitusubiri nje, ameketi kwenye kiti, na mlango nyuma yake ulikuwa wazi pande zote mbili.

Nilichojifunza mimi: nilimsoma mtu miaka kumi na moja nikasoma vibaya. Ubaridi wa mtu si lazima uwe chuki. Lakini pia, haya ukiifungia ndani muda mrefu, anayeumia ni mwingine, asiye na kosa. Hilo nilimwambia tata kwenye treni, naye alikubali.

Sasa zamu yenu, wakuu. Mafundi wa remote mnishauri motor gani haiogopi maji, maana hizi za bisibisi zimenichosha. Na wewe mwenye mlango ambao hukuufungua, au uliogonga ukanyamaziwa, andika hapa chini. Nitasoma kila comment, safari hii sitapita kimya.